Akamwani kwa Mgeni wa Baharini

Atakayebisha na aje Nyakakika, nitamwonyesha mchanga. Ninao juu ya kabati, kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka, mweupe kama chumvi, na hakuna mto wala ziwa la Karagwe lenye mchanga wa namna ile. Mimi ni mama mtu mzima, mkulima wa ndizi na kahawa, na katika kwaya ya kanisa letu la Kilutheri nimeimba sauti ya pili tangu nikiwa msichana. Sina sababu ya kutunga uongo. Haya yalinikuta mchana kweupe, jua liko utosini, tena nikiwa nimesimama ndani ya bahari. Ndiyo, bahari. Na si hii ya Dar es Salaam, bali ile ya upande wa pili wa dunia wanayoiita Karibi.

Mtasema natamba. Natamba, ndiyo! Nani mwingine wa Nyakakika amefika huko?

Aliyenifikisha ni binti yangu Advera. Ni mpishi kwenye meli ya watalii, meli ndefu kuliko barabara yetu ya sokoni, na nilimsomesha kwa kahawa ya kibanja hiki hiki ninachokaa. Simu alikuwa anapiga kila Jumapili. Ila miaka sita ilipita hajakanyaga nyumbani, na hilo ndilo lililokuwa linanila moyo. Si kwamba hakutaka. Kila alipokata tiketi, siku moja kabla ya safari mguu wake wa kulia ulivimba kifundoni mpaka kiatu hakiingii. Daktari wa meli alipima, haoni kitu. Ndege ikishaondoka bila yeye, mguu unanywea, anarudi jikoni kukaanga mayai. Ilitokea hivyo mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimekwisha chinja mbuzi na kuita ndugu mpaka wa Kaisho.

Unadhani watu walinyamaza? Jirani yangu Mama Asimwe, mwanamke wa Kanoni aliyeolewa huku, aliniambia mbele ya wenzetu bombani, "Mwenzangu, kubali tu. Mtoto amekukana, huo mguu ni kisingizio." Nilijitwika ndoo yangu nikaondoka nimenyoosha shingo, nikafika nyumbani nikalia mpaka kitambaa kikalowa.

Basi Advera akaniambia kwamba meli yao inaruhusu mfanyakazi kumleta mzazi asafiri nayo wiki moja. Nikasema sawa, kama mguu wako haukuleti, wangu utanipeleka.

Hapo nilipokuwa nafunga mizigo, nilifanya jambo dogo ambalo mpaka leo namshukuru Mungu kwalo. Nilijaza akamwani kwenye kikopo nikakitia mfukoni. Kama wewe si mtu wa huku, akamwani ni kahawa inayovunwa bado mbichi, ikachemshwa na majani, ikaanikwa. Haisagwi wala hainywewi, inatafunwa. Kwetu mgeni akiingia anapewa akamwani kwanza, kabla hujamuuliza jina lake wala shida iliyomleta. Mwenye nyumba anatafuna punje ya kwanza yeye mwenyewe ili mgeni aone ni salama, kisha anampa kwa mikono miwili. Kama huna, unaomba radhi, mgeni anakuelewa, anakwenda zake. Ila usimwambie "subiri nakuletea" halafu ukapotea. Bibi yangu alitukanya sana juu ya hilo. Alisema mgeni aliyeahidiwa hukaa barazani kwako akingoja, na mwenye nyumba hawezi kusafiri ameacha mgeni barazani. Mimi nilidhani anatufundisha adabu tu.

Sasa twende melini. Siku ya tatu Advera alinijia na karatasi yenye picha. Kesho yake meli ingetia nanga kwenye kisiwa, na kila abiria alitakiwa achague matembezi yake. Akanisomea kwa Kiswahili: kuna kwenda madukani, kuna kuangalia ngome ya zamani, kuna bustani ya vipepeo, na kuna kuingia majini kushika samaki.

"Samaki gani?" nikauliza.

"Wanaitwa taa, Mama. Ni samaki bapa, mpana kama ungo, ana mkia mrefu wenye mwiba wa sumu. Lakini wewe nenda vipepeo. Utapenda."

"Vipepeo nimewaacha kwenye migomba yangu, Advera. Niwafuate huku kwa ndege mbili?"

"Basi madukani."

"Maduka yako Kayanga kwetu. Na ukuta uliobomoka nikirudi nitausimulia nini? Andika samaki."

Niwaambie ukweli, nilikuwa naiona sura ya Mama Asimwe siku nitakapotoa picha yangu nimemkumbatia samaki mwenye sumu. Kiburi, basi. Ila mwanangu uso ulimbadilika. Alikaa kitandani akakunja ile karatasi mara nne.

"Mama, nakuomba. Pale mimi siendi."

"Kwa nini?"

Akaikunjua karatasi, akaikunja tena. Namjua mwanangu, akikwepa swali vile kuna kitu. Mama mwenye busara angeacha. Mimi nilisema, "Basi tunakwenda wote wawili," na kwa kuwa nilimlea vizuri, hakunibishia.

Kesho yake boti ilitupeleka mbali na kisiwa, mpaka mahali ambapo katikati ya bahari kuna fungu la mchanga na maji yanafika kiunoni tu. Nilivalishwa jaketi la kuelea juu ya gauni, kikopo changu kikiwa mfukoni, na juu yake nikajifunga kitenge changu, maana siwezi kutembea mbele za watu kama sijafunga kitenge. Kiongozi wetu, kijana mcheshi wa huko huko, alitueleza tusiinue nyayo bali tuziburute mchangani, ili tusimkanyage samaki akatuchoma. Walikuja. Wanateleza chini kama vivuli, wanakupitia miguuni, laini kama uyoga. Kijana akamwinua mmoja akaniambia nimbusu, eti ni bahati. Advera akanitafsiria. Nikamjibu kwamba mume wangu mwenyewe nilimbusu mara ya kwanza baada ya mchungaji kuruhusu, sembuse samaki! Wazungu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilimshika tu kwa mikono miwili, picha ikapigwa, nami nikajiona malkia wa Nyakakika.

Ndipo nilipoona kwamba samaki wote wanaondoka.

Waliwaacha watu na vipande vyao vya chakula, wakaelekea upande mmoja wa fungu ambako hapakuwa na mtu. Niliwafuata kwa macho. Kumbe mtu alikuwepo. Alisimama mwanamke mweusi kama mimi, wa umri wangu, amejifunga vazi la gome la mti, lile walilovaa bibi zetu. Samaki walimzunguka kama kuku wanaomfuata mama mwenye bakuli la mtama. Na niamini, lile vazi lilikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, lakini halikulowa.

Akanisalimia. Kwa Kinyambo, lugha yetu! Kinyambo cha zamani, kile cha bibi yangu, na akautaja ukoo wangu na mnyama ambaye sisi wa ukoo huo hatumli. Nikageuka kumwita Advera, nikamkuta ameshafika ubavuni kwangu, machozi yanamtoka.

"Mama, ndiye huyu," akasema. "Nilimkuta hapa safari yangu ya kwanza. Alinisalimia kwa lugha ya nyumbani, nikafurahi mno. Akaniomba akamwani. Nikamwambia subiri, nitakuletea. Sikuwa nayo, Mama. Nilisema tu."

Alisema tu! Mwanangu, niliyemfundisha mwenyewe! Hapo ndipo nilipouelewa ule mguu.

Nami nikakosea vilevile, mwanamke mzima. Kwa woga nikapaza sauti, "Wewe ni nani? Unataka nini kwa mtoto wangu?" Nilimuuliza mgeni kabla sijampa kitu. Maji yakawa baridi ghafla, baridi ya asubuhi ya Juni kule mlimani kwetu. Samaki wakamgeukia Advera, wakajipanga kuzunguka miguu yake, mikia imeinuka. Akaanza kuzama mahali pale pale penye kina cha kiuno. Mchanga ulikuwa unamla. Nilimshika mkono, nikavuta, hakuja. Watu wako hatua ishirini kutoka kwetu wanacheka na kupiga picha, hakuna anayeona yanayotupata.

Yule mwanamke wala hakukasirika. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nilikuwa nampelekea shangazi yangu akamwani," akasema. "Nikakamatwa njiani. Nikauzwa, nikauzwa tena, nikatiwa melini. Tangu siku hiyo niko njiani, waitu. Sijafika popote. Huyu binti ni wa kwanza kuniambia nisubiri. Nimemshika mguu asije akanisahau."

Jamani, ni nani asingemhurumia? Woga ulinitoka. Mahali pake pakaingia kitu kingine, na nitakitaja kwa jina lake: fahari. Aliniita waitu, yaani wa kwetu, naye alikuwa mtu wetu kweli. Kabla ya babu wa babu yangu alichukuliwa Karagwe, akapelekwa mpaka mwisho wa dunia, na bado hakuisahau lugha wala adabu ya mlango wetu. Mimi ni nani nimwache akiwa amesimama majini?

Nilimwachia Advera mkono. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kumwachia mtoto anayezama. Lakini akamwani haitolewi kwa mkono mmoja. Nikatoa kikopo mfukoni, nikafungua, nikatafuna punje ya kwanza mwenyewe, kisha nikamnyooshea kwa mikono miwili, magoti nimeyakunja ndani ya maji.

"Karibu, waitu," nikamwambia. "Utusamehe tumechelewa."

Alichukua mbili. Alitafuna polepole, macho ameyafumba. Mimi nimepokea wageni wengi maishani mwangu, sijamwona mtu akatafuna kahawa namna ile. Maji yakapata joto tena. Samaki wakalegeza mikia, wakatawanyika. Advera akapanda kutoka mchangani kama mtu anayepanda ngazi, akanikumbatia shingoni.

"Sasa nina mwenyeji," yule mwanamke akasema. "Tutakwenda lini?"

Hapo ningeweza kumkwepa. Ningesema safari ni ndefu, tiketi ni yangu peke yangu. Ila nilikuwa nimeshampa, na ukishampa mgeni ni wako. Nikajibu, "Nikitoka mimi, tunatoka wote. Nyumbani ni Nyakakika, baraza linatazama migomba." Nilipopepesa macho, palikuwa na maji matupu, na kile kikopo mkononi mwangu kilikuwa na mchanga juu ya kahawa. Kijana wa boti alikuwa anatuita. Alituuliza tulikuwa tunazungumza na nani upande ule.

Mwezi uliofuata Advera alikata tiketi. Mguu haukuvimba. Alishuka kwenye gari akiwa amevaa viatu vyote viwili, nami nilimshika mkono nikapita naye bombani makusudi, ndoo sina, kiu sina. Mama Asimwe alisimama akamkumbatia, akaniomba radhi mbele ya wale wale. Nikamsamehe, ingawa si haraka sana. Kifundoni kwa mwanangu yapo mpaka leo madoa matano, kama ya vidole. Hayaumi.

Na mgeni wetu? Kila jioni naweka akamwani kwenye kigoda barazani. Asubuhi nakuta makapi yametafunwa, yamepangwa vizuri pembeni, na chini ya kigoda pana mchanga mweupe wa kujaza kiganja. Siku moja nilichelewa shambani, sikuweka. Asubuhi sakafu yote ilikuwa imelowa, nikalamba kidole, chumvi. Mchungaji nilimweleza. Akasema tumwombee apumzike. Namwombea. Na akamwani naweka.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukisafiri mbali, usiende mikono mitupu. Beba kitu cha mlangoni kwenu, hata kidogo. Na mtu akikusalimia kwa lugha ya mama yako mahali ambapo lugha hiyo haina kazi, usimuulize jina wala usimwahidi lolote. Mpe ulichonacho, au mwombe radhi mkaachane.

Advera amerudi kazini, na sasa huja nyumbani kila mwaka. Wiki iliyopita alipiga simu, na haikuwa Jumapili. Alisema meli ilitia nanga tena pale, akaenda peke yake na kikopo, kwa kuangalia tu.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "wapo wengine. Wamesimama mstari mzima, na akamwani imeniishia. Niwaambie nini?"

Nilikuwa nimeshawasha moto, sufuria ya kahawa iko jikoni. "Waombe radhi kila mmoja, waitu, na usiwaambie wasubiri," nikamjibu. "Nachemsha. Safari hii naileta mwenyewe."