Mawe Tisa kwa Harusi ya Mdogo Wangu

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa fundi redio Buguruni, na nilikuwa na wivu. Sitaki kulipamba jambo hili. Fundi mwenzangu alifungua kibanda mkabala na changu, na tangu siku hiyo hata namna alivyokaa kwenye kigoda ilinikera. Akiletewa redio mbovu anaitazama, anacheka kidogo, anaichokonoa, inaimba. Wateja wangu walisubiri wiki nzima, kisha wakaondoka wakisonya. Zaidi ya yote, yeye ndiye aliyeitwa kupaza sauti za waimbaji kwenye harusi za mtaa, kwa emplifaya yake ndogo iliyoungwa kwenye betri la gari.

Ndipo mdogo wangu wa kike akaposwa. Mimi nami nilikuwa nimeunda emplifaya yangu, miezi kadhaa, kwa vipuri nilivyochomoa kwenye redio zilizokufa. Nikamwambia siku ya kumtoa mwali, mashine itakuwa yangu. Alifurahi hadi akanishika mkono.

"Kaka, mie nataka nitoke kwa mashine yako, si ya mtu mwingine. Ila uijaribu kwanza, nisije nikaumbuka mbele ya mawifi."

Ilibaki kuchagua cha kuiendesha. Nyumba yetu haikuwa na umeme, na emplifaya ilitaka volti kumi na mbili. Jibu lilikuwa wazi, betri la gari. Lakini mtaa mzima ungesema nimemwiga yule. Ningekufa kwanza. Jiwe moja, yaani betri kubwa la tochi, lina volti moja na nusu, kwa hiyo mawe manane yangetosha. Kumi na mbili ni kumi na mbili, nikajiambia, zitoke zitokako.

Mawe mapya yalikuwa hadithi kwenye duka la ushirika siku hizo. Nikakusanya yaliyochoka kwa majirani, nikayaanika juu ya bati siku mbili, kama tulivyofanya sote ili tusikose taarifa ya habari. Nikayapanga, nikaweka mita ya kupimia volti. Manane yalipungua kidogo. Nikaongeza la tisa, na mshale ukasimama pale pale kwenye kumi na mbili. Nilichungulia kibanda cha ng'ambo nikamwonea huruma, na betri lake zito la kubeba kwa baiskeli.

Alhamisi alasiri tulijaribu uani. Shangazi alishika maiki akaanza chini chini, sauti ikatoka safi, mdogo wangu akapiga kigelegele. Shangazi akapandisha. Sauti ikakwama, ikakoroma, ikafa. Nikaweka tena mita huku akiimba, mshale ukaporomoka hadi saba.

Mawe yale nilikuwa nimeyapima yakiwa yamepumzika. Emplifaya ikipaza sauti hudai umeme mwingi kwa mkupuo, na mawe yaliyochoka, hata uyaanike mwezi mzima, hayana wa kutoa. Fundi yeyote anajua hilo. Hata mimi nililijua.

Yule mwenzangu alisikia, akavuka njia, akapiga hodi na kusimama mlangoni.

"Ndugu yangu, chukua betri langu. Nimetoka kulichaji leo. Utumie mashine yako, mie wala sitakuja."

Mdogo wangu alinitazama. Shangazi alinitazama. Mita ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Sina haja na betri la mtu," nikasema. "Mashine yenyewe ndiyo mbovu."

Naam, nilikuwa radhi kuitukana kazi ya mikono yangu kuliko kuiona ikinguruma kwa nguvu zake yeye.

Jumamosi, siku ya kumtoa mwali, yeye ndiye aliyeitwa, akaja na mashine yake. Ilisikika vizuri, siwezi kusema uongo. Nilikaa nyuma ya pazia la kanga, karibu na masufuria ya pilau, nikitafuta kosa katika kila sauti. Sikulipata.

Siku ya tatu mdogo wangu alisafiri kwenda kwa mumewe, bara. Nilimbebea sanduku hadi barabarani. Tulipolitua ndipo akasema.

"Mashine yako haikuwa mbovu, kaka. Ulininyima tu."

Ng'ambo ya njia yule fundi aliinua mkono kumuaga, naye akampungia akitabasamu, na wivu ulionipata pale haujaniisha hadi leo. Yeye, mtu baki, alikuwa tayari kumpa ndugu yangu alichokitaka.