Mama Kwenye Keria

Marehemu mume wangu alikuwa mchuuzi wa kuku, na kuku wazuri walikuwa milimani. Sie tuliishi Temeke, enzi za Mwingereza, na Temeke ni tambarare, mtu anaendesha baiskeli huku anasinzia. Lakini ukishapita Gongo la Mboto ardhi inainuka. Kuna milima ya Pugu, kuna Kisarawe, na nyuma ya Kisarawe kuna mabonde, ukitoka hili unaingia lile. Huko ndiko kwetu mie. Watu wa Kilimanjaro wakisikia nasema milima watacheka. Wacha wacheke. Wapakie matenga ya kuku nyuma ya baiskeli, wapande, halafu waje tuzungumze.

Yeye alikuwa akipanda. Mlima mkali aliukata kwa upande, kulia kisha kushoto, kama mtu anayesuka ukili, na makalio hayagusi kiti. Ukimwona ameshuka anasukuma, jua mchanga umezidi. Alichokiogopa ni kuteremka. Baiskeli yake ilikuwa na breki ya kubahatisha, na mzigo ukishakusukuma mgongoni breki yenyewe haikusikilizi. Kwa hiyo wachuuzi wa njia ile walikuwa na ufundi wao. Ukifika kileleni unakata tawi lenye majani mengi, unalifunga nyuma kwa ukanda wa mpira wa tairi, unateremka unaliburuta. Tawi linashika ardhi, baiskeli inatulia. Ukifika chini unalitupa.

Sasa, yeye alikuwa Mnyamwezi na sie Wazaramo, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Kabla hajanioa angeweza kumkuta mama yangu njiani akamnyang'anya ndizi, akamwambia ana sura ya ngedere, na mama angecheka. Aliponioa, mlango huo ukafungwa. Mama akawa mkwe. Mkwe hatazamwi usoni, hakuliwi naye, haguswi. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Mume wangu alipokwenda kununua kuku kule kwetu alilala kwa jirani, na shikamoo yake aliituma kwa mtu.

Mama naye hakumpenda sana. "Mtu wa bara huyo," alikuwa akisema. "Leo yuko, kesho kapanda treni."

Masika moja mama alijikata mguu kwa jembe. Akaupaka dawa zake, akaendelea kulima, mtu mkaidi yule. Nilipopata habari nikaenda kumuuguza, nikakuta mguu umevimba mpaka gotini na jeraha linatoa maji. Dresa wa zahanati alikuja, akaufungua, akaufunga tena. Akaniita nje.

"Mpelekeni hospitali mjini, tena upesi," akasema. "Mkichelewa watamkata mguu, na mkichelewa zaidi hata wa kukatwa hatakuwepo."

Lori la mihogo lilikuwa haliji kwa sababu ya tope. Wanaume wa kijijini wakajitolea kumbeba kwa machela mpaka Pugu. Mama akakataa. "Anayelazwa na kubebwa begani ni maiti. Mie bado."

Mie ni mtoto wake pekee. Kaka sina, dada sina. Nikakaa pale nauangalia ule mguu.

Mume wangu alifika siku ya pili yake, amelowa. Hakuingia. Alisimama nyuma ya ukuta wa udongo, mama yuko ndani kitandani, mie mlangoni katikati yao.

"Mwambie mama baiskeli ipo," akasema.

Mama alikuwa amesikia vizuri tu. Akasubiri mpaka nimwambie. "Mwambie mwenzio mie si tenga la kuku."

"Mwambie mama najua. Kuku hawabishi."

"Mwambie mwenzio, nikae nyuma yake nimshike kiuno, mie niliyemzaa mkewe? Nitaficha wapi uso wangu?"

 Nilipochungulia nilimwona ameinama nyuma ya baiskeli, anaipima keria, kile chuma cha kupakilia mzigo, kwa shubiri. Akarudi ukutani.

"Mwambie mama atakaa ametazama anakotoka. Mgongo wake kwa mgongo wangu. Yeye hatauona uso wangu, mie sitauona wake. Na katikati tunaweka mto."

 Mama alikuwa anatafuta neno la kukataa na halipatikani. Nikaona nikimwachia muda atalipata.

"Mama," nikamwambia, "mguu unanuka."

Hakuna aliyekuwa amethubutu kumwambia. Aligeukia ukuta kidogo, kisha akasema, "Leteni huo mto."

Tuliondoka asubuhi, mvua imekatika. Nilimfunga mama kwenye keria kwa kanga mbili, mguu mbovu nimeulaza kwenye ubao uliofungwa kando ya keria, mto katikati ya migongo yao. Mume wangu alikuwa ametazama mbali muda wote. Kisha akapanda, akaanza kunyonga, na mie nikafuata kwa miguu. Mlimani baiskeli yenye mzigo na mtu anayetembea mwendo wao ni mmoja.

Nusu ya mlima wa kwanza tulikutana na mwanamke wa kwetu, ana kuni kichwani. Akasimama kabisa.

"We Mnyamwezi. Umekosa kuku sasa unaiba vikongwe?"

"Wazaramo miguu yenu ya kuazima, mtani," akamjibu, anahema. "Ikiharibika tunaitwa sie wapagazi."

"Mrudishe huyo, hana nyama."

"Nimeshampima. Ana mdomo tu."

Nikaogopa, kwa sababu huyo aliyesemwa alikuwa mkwewe, na yupo hapohapo. Nilimwangalia mama. Ameng'ata pindo la kanga, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka na hataki nimwone.

Mlima wa mwisho kabla ya Kisarawe ndio mbaya. Udongo mwekundu, mvua imeuchimba, na ukisimama katikati huanzi tena, unarudi kinyumenyume. Alianza kuukata, kulia, kushoto. Nikasikia pumzi yake inatoka kama ya mtu anayetwanga. Baiskeli ilipoinuka mbele, mgongo wa mama ukaachana na wake, mto ukachomoka ukaanguka kwenye tope. Nikauokota, nikakimbia nao.

"Mto umeanguka," nikapiga kelele. "Simama niuweke."

Yeye hakuweza kusimama wala kujibu. Aliyejibu ni mama, uso kwa uso na mie, anapanda mlima kinyumenyume.

"Uache. Usimsimamishe."

Tulifika kileleni. Alishuka, akaishikilia baiskeli. Mto ulikuwa umelowa tope, haufai. 

Akachomoa panga akakata tawi. Kwa kawaida angelifunga. Lakini mtu si kuku, mtu ni mzito na ana mguu unaouma, na njia ile ina mahali pa kukaza na mahali pa kulegeza. Alitaka mama alishike shina, kwenye mteremko alikandamize ardhini, pakiwa sawa alinyanyue.

"Mwambie mama nitakapotaka akandamize..." akaanza. Kisha akaninong'oneza, "Huko chini nani atamwambia?"

 Mteremko baiskeli inakimbia, mie nina miguu miwili. Nilimpa mama tawi, nikakaza kanga, nikasogea pembeni.

Wakaondoka. Migongo yao ikagusana. Niliona tawi linarukaruka, baiskeli inashika kasi, na mama ananitazama mie, macho makubwa, anazidi kuwa mdogo. Kabla ya kona nikamsikia mume wangu.

"Kandamiza, mama."

Ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia tangu anioe, nalo lilikuwa amri. Majani yakakwangua udongo. Mama alikuwa amekandamiza.

Mie nilitembea mpaka Pugu, nikalala kwa watu, nikafika mjini kesho yake. Nikamkuta mama wodini, mguu umesafishwa na kufungwa bandeji, daktari amesema hautakatwa. Alikuwa anakunywa uji na kuulalamikia.

"Mlizungumza nini njiani?" nikamuuliza.

"Nani kazungumza? Mtu na mkwewe watazungumza nini?" Akanywa uji. Kisha akasema, "Mamaye alikufa yeye akiwa bado ananyonya. Kalelewa na bibi. Hukuniambia."

Sikumwambia kwa sababu sikuwa najua. Mie ndiye niliyekuwa mkewe, na sikuwa najua.

Mama alipopona alirudi bondeni, anachechemea. Na mambo yakarudi yalivyokuwa. Mume wangu alimkwepa vichakani kama zamani, shikamoo kwa kutumwa, "mwambie mwenzio", "mwambie mama". Ila jambo moja. Siku za mume wangu kurudi na kuku, akifika kileleni Kisarawe alikuta tawi limeegeshwa kando ya njia, bichi, limekatwa vizuri, shina limechongwa lisimuumize mkono. Mama alikuwa anapanda ule mlima na mguu wake ule alfajiri, analiacha, anashuka kabla hajaonekana.

Mume wangu hakuyatupa matawi hayo. Wachuuzi wenzake walimcheka, mtu anabeba kuni kupeleka Temeke kana kwamba Temeke hakuna miti. Alikuja nayo nyumbani, nami nilikuwa nayakausha uani, na chakula chetu kingi miaka ile kiliiva kwa matawi ya mama.

Halafu kuna siku alirudi jioni sana. Kuku walikuwa kimya tengani. Nilitazama nyuma ya baiskeli, hakuna tawi. Nikaingia ndani kufunga kanga zangu za safari.

Baadaye ndipo aliponiambia. Alisubiri pale kileleni mpaka jua likageuka, akidhani labda mguu umemchelewesha. Ndipo akapita mtu wa kijijini akampa habari ya msiba. Hakukata tawi lingine. Aliteremka mlima wote ule kwa miguu, baiskeli mkononi.