Ngoma ya Mlango wa Ubavuni

Nilipokuwa mtoto, kanisa letu la matofali mekundu lilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa wa kuingilia kanisani. Wa ubavuni ulikuwa wa kuingilia ukumbini, vijana walikofanyia maigizo, uchoraji na ngoma. Sasa linakarabatiwa, na parokia imeniomba niandike historia yake: nani alilijenga, ukumbi uliongezwa lini. Wiki nzima nakaa mezani, nainuka, naandika mstari, naufuta. Kila nikifika kwenye ule mlango wa ubavuni, mkono unagoma.

Bibi, mama yake Mama, alikuwa akifagia kanisa kila Alhamisi, nami nikimsaidia. Ukumbini aliingia shingo upande, kwa sababu ya ngoma kubwa zilizosimama humo zikingoja wapigaji wake, wanaume tu.

"We mutoto, usiguse ile ngoma," aliniambia. "Mutoto mwanamuke akiipiga, mimba ya mama yake inaharibika."

Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na sikio la kufa halisikii dawa. Alhamisi moja Bibi alipokwenda kuchota maji, nilishika fimbo nikapiga. Mara tatu. Mlio ulinipanda kutoka nyayoni hadi menoni, na sijui kama nimewahi kufurahi vile tena. Nilipogeuka, Bibi alikuwa mlangoni na ndoo yake. Alichukua ile fimbo, akairudisha mahali pake, tukaenda nyumbani.

Jumamosi Mama alirudi kutoka hospitali mikono mitupu.

Kila jirani aliyekuja kumpa Mama pole, nilihisi ananitazama mimi. Nilingoja Bibi anitaje. Hakunitaja. Jumapili, kabla ya misa, alinipaka mafuta mikononi kama kawaida yake, kidole kwa kidole, kimya. Niliona ananinyamazia kwa hasira. Aliendelea hivyo mpaka nikawa msichana mkubwa, mpaka akafa.

Mwezi uliopita nilimwendea Mama kumuuliza habari za jengo, na badala ya swali yakanitoka yote. Alikuwa anachambua ndagala, wale samaki wadogo wakavu. Akausukuma ungo pembeni.

"Apana, mwanangu. Jumatatu ya ile wiki muganga wa hospitali alishaniambia, moyo ya mutoto imesimama. Sikuambia mutu, hata mama yangu. Nilikuwa naomba Mungu tu."

Nililia kwa nafuu, kisha nafuu ikanikimbia. Tangu siku hiyo situlii. Kumbe niliogopa bure miaka yote. Lakini kuna mwingine ambaye siwezi tena kumpelekea habari hii.

Bibi alikufa akiamini kwamba mkono wangu ndio uliomuua mjukuu wake. Na mkono huohuo aliupaka mafuta kila Jumapili.