Boke na Neno Reli

Mwaka ule darasa letu zima lilinuka mikebe ya mafuta ya kupikia, iliyochomwa motoni hadi rangi ikababuka. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa huko Nyamwaga, nyumba zimepangwa mstari, na kila shule ikaagizwa itengeneze kitu cha maonyesho ya Musoma. Mwalimu wetu wa kazi za mikono, Mwalimu Saidi, alikuwa ameletwa kutoka Tabora, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Akaamua tutengeneze garimoshi. Sisi hatukuwa tumeliona hata moja. Tulijua ng'ombe na jembe lao, basi.

Dada yangu Boke alikuwa nami katika darasa hilo la saba, na kwake huo haukuwa mchezo. Mahari yake ilikwisha kuzungumzwa. Baba alimwahidi mwalimu mkuu kwamba kazi ya Boke ikichaguliwa kwenda Musoma, atamwacha aendelee na masomo, isipochaguliwa, anaolewa. Boke alikata mikebe hadi vidole vikajaa vidonda.

Ugomvi ulikuwa juu ya namna ya kuachanisha mabehewa. Mwalimu alitaka kulabu na mnyororo, na mtu aingize vidole katikati anasue, kama baba yake alivyokuwa akifanya kwenye mabehewa ya kweli. Lakini mikebe ilikuwa midogo na vidole vinene, kwa hiyo kila ulipogusa, garimoshi zima lilipinduka. Boke akafanya kama tunavyofungua ng'ombe kwenye nira. Akaunganisha mabehewa kwa kijiti, akakifunga uzi wa katani uliopita ubavuni. Ukiuvuta, kijiti kinachomoka na behewa linabaki nyuma limetulia. Mimi niliona maajabu. Mwalimu aliona tusi.

"Baba yangu aliingia katikati ya mabehewa akatoka bila mkono," alisema. "Wewe unavuta uzi?"

"Mwalimu, kwenye reri..."

Hapo ndipo alipompata. Ulimi wetu wa Kikurya huigeuza l kuwa r, na darasa zima tulitamka hivyo hivyo. Akamsimamisha mbele. "Sema reli." Boke akasema reri. Fimbo. "Sema reli." Reri. Fimbo nyingine. Darasa likacheka, ingawa hakuna kati yetu ambaye angeweza kuitamka, na mwalimu akacheka nao bila haraka, kama mtu anayetafuna karanga. Nilimchukia mtu yule, na mpaka leo namchukia.

Afisa elimu alipokuja kuchagua, alianza na garimoshi la mwenzetu Mwita, lenye kulabu za mwalimu. Likampindukia mikononi. La Boke likaachana vizuri mara tu afisa alipovuta uzi, naye akatabasamu.

"Binti, hebu nieleze linavyofanya kazi."

Boke akafungua mdomo. Nikaona macho yake yakienda kwa mwalimu, kisha kwetu sisi tuliokwisha kujiandaa kucheka. Akaufunga. Afisa akamuuliza tena kwa upole. Boke akainamisha kichwa.

"Hajui alichotengeneza," alisema Mwalimu Saidi. "Huenda alitengenezewa. Hili la Mwita ndilo garimoshi la kweli."

Afisa akaamini. Mwita akaenda Musoma, na Boke akaolewa Itiryo kabla mahindi hayajavunwa.

Siku hizi wasichana wa kwetu wanapita barabarani na sare za sekondari, na wapo walimu wanaosema reri mbele ya darasa bila kuona haya. Juzijuzi nilisafiri hadi Dodoma, na pale stesheni nikamwona mfanyakazi akiachanisha mabehewa. Alisimama pembeni, akainua mpini wa chuma ubavuni mwa behewa, likabaki nyuma. Hakuingia katikati. Niliporudi nikaenda moja kwa moja kwa Boke kumsimulia. Alisikiliza huku akipukuchua mahindi, akauliza kama yule mtu alikuwa na mikono yote miwili. Nikamwambia ndiyo. Akaniomba nisimsimulie tena habari hizo. Aliniomba kwa Kikurya, kama anavyosema na kila mtu, hata wauguzi wa zahanati waliotoka mbali na wajukuu wake wasiokijua sawasawa. Kiswahili anakielewa chote. Tangu siku ile ya afisa, sijamsikia akikisema.