Ndoo ya Kuhamia

Fundi wa lifti alihamia mji ule mkubwa kwa sababu ya kazi, akafikia kwa dada yake mdogo. Alisema atakaa kidogo tu, mpaka apate nyumba ya kupanga. Kidogo hicho kikaota mizizi. Kila akitoka kazini alifuatana na dalali, wakipanda na kushuka ngazi za watu, na jibu likawa lile lile: wenye nyumba hawataki mwanamume anayeishi peke yake. Ataleta marafiki, ataleta kelele, ataleta makubwa. Mtu mzima mwenye mvi kidevuni, ambaye starehe yake kuu ni kulala mapema, akawa anaogopwa kama mhuni!

Alilala kwenye kochi la sebuleni, miguu ikining'inia. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni shemeji yake, mume wa dada, ambaye alikuwa mwoka mikate na hutoka kabla hapajakucha. Alfajiri moja fundi alisikia kitu kikigonga sufuria. Akachungulia. Chumbani kulikuwa na mtoto mchanga, sebuleni kuna mgeni, kwa hiyo baba mwenye nyumba yake alikuwa jikoni, gizani, amesimama kwa mguu mmoja, anahangaika kuingiza wa pili kwenye suruali. Hakutaka kuwasha taa asije akamwamsha mgeni.

Fundi alijifunika shuka gubigubi. Aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Yeye ndiye kaka mkubwa, ndiye aliyemlea dada huyu baada ya wazazi kufariki, na siku ya harusi alimwambia bwana harusi kwa majivuno, "Nyumba yangu ni nyumba yenu." Leo nyumba hiyo hana, na bwana harusi anavalia suruali kwenye masufuria.

Jioni yake akaropoka: "Nimepata nyumba. Kesho nahama."

Uongo mtupu. Alichokuwa nacho ni ufunguo wa chumba cha mashine za lifti, juu ya paa la jengo la ofisi alilolihudumia. Atatandika maboksi kando ya mota, atalala, hakuna atakayejua. Alikuwa radhi kukosa usingizi, ili mradi aondoke pale na heshima yake.

Alisahau anaishi na watu wa aina gani. Kesho yake shemeji aliomba ruhusa kazini, dada akambeba mtoto mgongoni, na mlangoni paliwekwa ndoo mpya nyekundu, ndani yake sabuni, ufagio na sahani mbili.

"Msijisumbue," fundi alisema. "Mzigo wenyewe begi moja."

"Kaka, uhame kama unafukuzwa?" dada aliuliza. "Tunakupeleka, tunapaona, tunapiga deki, ndio tunarudi."

"Ni mbali."

"Miguu tunayo," shemeji alisema, na begi tayari liko begani.

Basi fundi akatangulia, anatembea kama mtu anayejua aendako. Akili ilipomgomea kabisa, miguu ilimpeleka kwenye nyumba aliyoikumbuka vizuri kuliko zote: ghorofa ya pili, mlango wa kijani, ambako juzi tu alikataliwa. Labda mwenyewe hayupo. Atasema ufunguo haujaletwa, kisha awarudishe nyumbani kwa heshima zote.

Alibisha hodi kwa kidole kimoja, hodi ya mtu anayeomba asisikike. Mlango ukafunguliwa papo hapo.

"Wewe tena!" mama mwenye nyumba alisema. "Si nilishakwambia? Mwanamume wa peke yake simpangishi, hata ukija na ndoo."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini pale ghorofa ya pili hata ardhi ilikuwa mbali. Alihisi macho ya dada yake kisogoni.

Shemeji akashusha begi. "Wa peke yake yupi, mama?" aliuliza kwa upole. "Sisi hapa ni nani?"

Mama akawatazama mmoja mmoja, na mtoto, na ndoo. "Nyinyi mnasindikiza tu. Mkiondoka anabaki peke yake." Akafunga mlango.

Walishuka ngazi. Chini, dada akauliza, "Ulikuwa unaenda kulala wapi?"

"Kazini. Juu, kwenye mashine za lifti."

Alijiandaa kugombezwa. Angefurahi kugombezwa. Lakini dada aliikumbatia ile ndoo tu, machozi yakimlengalenga.

"Kaka, sisi tumekukosea nini?"

Muda wote fundi aliogopa kuwa mzigo kwao, kumbe ni yeye aliyewafanya watu baki. Hilo lilimuumbua kuliko milango yote aliyofungiwa. Akawafuata nyuma kurudi nyumbani, kichwa chini.

Alfajiri sufuria ikalia tena. Fundi akainuka, akapapasa ukuta mpaka swichi, akawasha taa ya jikoni. Shemeji alisimama pale, suruali magotini, anapepesa macho.

"Samahani, shemeji. Nimekuamsha?"

"Vaa kwenye mwanga," fundi alisema. Macho hakuweza kuyainua. "Mimi si mgeni."

Shemeji alifunga mkanda taratibu.

"Basi bandika chai," alisema.