Mama Alipoomba Kupimwa Presha

Pale soko la Warwick, chini ya daraja la magari, wauza dawa za asili walichoma impepho, majani makavu yenye moshi mzito, na harufu yake ilituganda kwenye nywele mpaka tukirudi chumbani kwetu mtaa wa Point majirani walijua tulikotoka. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka tisa. Mama alisuka watu nywele kando ya meza ya MaDlamini, mama wa Kizulu aliyeuza mizizi na aliyemfundisha lugha yake neno kwa neno. Kule Bukavu, kabla vita havijatukimbiza, mama alikuwa mkunga. Kwa hiyo miguu yake ilipoanza kuvimba na kichwa kumgonga, akiwa na mimba ya miezi saba, hakuhitaji mtu wa kumweleza hatari iliyokuwa inakuja.

Alikwenda zahanati mara mbili, na mara mbili alirudishwa getini. "Banasema nilete kitambulisho cha hapa," alimwambia baba. "Karatasi ya ukimbizi hawaitaki." Tangu siku hiyo nilikuwa namtazama mama miguu kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

MaDlamini ndiye aliyetuletea habari kwamba mjumbe wa bunge la jimbo angekuja Jumamosi kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Sydenham kusikiliza malalamiko kuhusu zahanati. Mama na mimi tulikwenda pamoja na MaDlamini. Watu walilalamikia dawa kuisha na wauguzi kuwa wachache. Kisha mwanamume mmoja akasema foleni ni ndefu kwa sababu ya wageni, na makofi yakalia. Nilimshika mama mkono ili tuondoke. Akautoa taratibu, akasimama.

Alizungumza Kizulu cha sokoni, na wengine walicheka. Aliendelea. "Mimi ni mkunga," alisema. "Nimezalisha watoto wengi, na wanawake wenye miguu kama hii nimewaona wakifa. Sikuja kuomba kitu kikubwa. Naomba kupimwa presha." Kicheko kikaisha.

Bibi mmoja wa Kihindi, aliyezaliwa mtaa huo, akanyanyuka kwa shida. Alisema zamani zahanati hiyo ilikuwa na milango miwili, mmoja wa Wazungu, na kwamba uchungu ulipomshika alifukuzwa kwenye huo wa Wazungu, uliokuwa karibu zaidi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwenye ngazi, mvua ikinyesha. "Tulipigana miaka yote ile ili ubaki mlango mmoja," alisema, akimtazama yule mwanamume. "Sasa wewe unataka kuufunga?"

Mjumbe akamgeukia muuguzi mkuu wa zahanati, aliyekaa kando yake. "Sheria inasemaje kuhusu mjamzito?"

"Ahudumiwe bure."

"Imetaja kitambulisho?"

"Hapana," muuguzi akasema, akamgeukia mama. "Mama, njoo Jumatatu. Uniulizie mimi mwenyewe."

Jumatatu hiyo presha ya mama ilikutwa iko juu sana, akapelekwa hospitali siku ileile. Mdogo wangu alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kama mkate, akilia kwa hasira, na sisi tukicheka kwa furaha. Baadaye muuguzi yule alimwomba mama aje kuwaeleza wajawazito wa Kikongo na wa Kirundi dalili za hatari. Mama hakuwa na leseni ya huku wala mshahara, lakini kila Alhamisi alivaa gauni lake zuri kuliko yote.

Siwezi kusema kwamba leo mambo yote yamenyooka. Bado wapo wanaosimama kwenye mageti wakiwauliza wagonjwa wametoka wapi. Lakini mwaka jana nilimsindikiza binti mmoja wa Kirundi kliniki, na mlinzi akamdai kitambulisho. Kabla sijafungua kinywa, wanawake watatu wa Kizulu waliokuwa mbele yetu kwenye foleni walimgeukia mlinzi. "Eish, kaka, huoni ana mimba?" mmoja alisema, akimvuta binti mbele yake. Mlinzi akasogea, binti akaingia.