Siku Binti Yangu Alimwita Baba Mukubwa Sitwayeni

Mimi sikufika mbali na masomo. Masista walinifundisha kusoma na kushona, halafu baba akasema inatosha, shamba linangoja. Kwa hiyo ukiona naruka huku na kule, nivumilie. Akili yangu inatembea kama kuku wa soko aliyekata kamba.

Ilikuwa wakati wa Zaire, wakati ule "musiye" na "madamu" za Wazungu zilikatazwa, na kila muntu alipaswa kuitwa sitwayeni, maana yake mwananchi. Asubuhi watoto wa masomo waliimbia Parti, chama cha serikali, na kuichezea mbele ya kufungua daftari. Mume wangu alikuwa Mukasai, mufanyakazi wa reli, na tulikaa kambi ya reli hapa Kindu, nyumba zimeshikana, ukikohoa jirani anakuambia pole. Jirani wetu wa ukuta mmoja alikuwa mukubwa wa Parti katika kambi. Muntu mwema, simusemi vibaya. Lakini masikio yake hayakuwa na likizo.

Basi kaka mukubwa wa mume wangu akafika na treni kutoka Kasai. Nikachinja kuku, nikapika wali. Mume wangu alipenda kusema wali ni chakula cha ndege, lakini siku ile hakusema kitu. Binti yetu, mutoto wa sekondari, akaleta maji ya kunawa. Akapiga magoti vizuri, roho yangu ikafurahi. Halafu akafungua kinywa:

"Sitwayeni baba mukubwa, karibu kwa chakula."

Muzee akarudisha mikono yake juu ya mapaja. Hakunawa. Na mugeni asiyenawa amekwisha kusema yote, hakuna wa kula mbele yake. Tukakaa pale, kuku anapoa, mutoto bado ameshika bakuli la maji.

Kilichonichoma ni kwamba muzee hakuweza kusema kosa ni lipi. Angesema neno lile kwake ni tusi, linamufanya sawa na muntu wa barabarani, ukuta ungesikia, na Parti pia. Basi akatafuta makosa mengine. Mara kikwembe cha mutoto ni kifupi, mara ameinua macho. Uongo, kikwembe nilikifunga mimi mwenyewe. Mwisho akasema, polepole, kwamba akirudi Kasai ataondoka naye, nyanya yake akamufundishe kusema na watu. Mume wangu akaitika, kwa sababu mudogo hamujibu mukubwa. Mimi pia niliitika kwa kichwa, nikamufuata mutoto jikoni.

Jikoni binti aliniuliza, machozi yanamutoka: "Mama, si nilimupa jina kubwa kuliko yote niliyo nayo? Hata gavana tunamwita hivyo."

Nikamupokea bakuli la maji, nikayamwaga nje.

Kesho yake sikukaa. Nilipeleka sombe, majani ya muhogo, sokoni, nikairudisha nyumbani bila kuifungua. Nikafagia palipofagiwa. Mwishoni nikaenda kumwona mwalimu wa Kiswahili, kijana wa kule Pangi, aliyekuwa na tabia ya kuwaandikisha watoto mambo yao wenyewe: siku uliyoogopa, siku uliyoona haya. Wazazi wengi walimulaumu, eti anawafundisha kuvua nyumba nguo. Nilipomweleza alicheka, kisha akaacha kucheka, akatazama dirisha. Akasema neno lile yeye hataligusa, Parti isimusikie, naye iko na mutoto mudogo. Lakini binti aandike siku ile, bila kumusema muntu mwingine. Aanze na alichoona, kisha alichosikia rohoni. Halafu amusomee muzee.

Nyumbani mimi na binti tukagombana juu ya karatasi yake. Alikuwa ameandika, "Mimi sina kosa." Nikamwambia afute, kwetu ukiomba radhi unaanza kwa kumupa mukubwa kiti cha juu, andika nimekosa. Akasema mwalimu hataki uongo. Tulikuwa kama wanawake wawili wanaokamua kikwembe kimoja, kila mumoja anasokota upande wake. Nilichoka nikamwambia, basi acha kosa, sema ulichoona tu, na kila mahali uweke jina lake la nyumbani.

Jioni binti akakaa chini, karibu na mulango, ubavu kwa muzee, akasoma:

"Baba mukubwa, nilitafuta jina la kukuinua. Nikaona mikono yako inarudi mikavu, nami nikabaki na maji. Tangu hapo, baba mukubwa, nikibeba maji natetemeka. Naomba unifundishe jina lako."

Lile neno hakulitaja. Mimi nilikuwa naangalia ukuta.

Muzee akasema, "Soma tena pale pa maji."

Akasoma tena.

"Humu ndani mimi njo nani?"

"Njo baba mukubwa."

"Na kule kwenye masomo?"

Mutoto akafikiri. "Kule, baba mukubwa, utavumilia kama watu wote."

Muzee akacheka mpaka kikohozi kikamushika. Na kweli, upande wa pili wa ukuta, sauti ikasema pole. Kisha muzee akaomba maji, akanawa, akala.

Lakini juu ya safari hakusema neno, na mimi ni nani wa kumuuliza shemeji yangu mukubwa amebadilisha shauri ao hapana? Mume wangu naye hakuuliza. Siku ya treni nikafunga nguo za binti katika furushi. Nilifunga, nikafungua, nikafunga tena. Tukaenda sote gare, pale treni inaposimama, furushi kichwani mwangu.

Muzee akapanda, akapokea sanduku lake, akapokea kuku niliyemupa wa njiani. Nikamunyooshea furushi. Akalitazama.

"Shemeji, hii ni ya nani? Mutoto iko na masomo kesho."

Treni ikapiga filimbi, ikajivuta, ikaenda. Watu wakatawanyika, wauza ndizi wakabeba vikapu vyao, na mimi nimesimama palepale, naangalia reli.

"Mama," binti akasema, "achia mukono wangu, unaniumiza."